Alonzo Pettiford na Sehemu ya Nne Iliyojificha Kanisani

Mwaka umetimia, Baba Mkubwa Alonzo, tangu ulipofunga piano yako na kutuachia kiti kitupu hapa Sedalia. Familia imenipa mimi kazi ya kukuandikia kwa kuwa nimesomeshwa shule ya bweni. Hawakuuliza huko bweni nilijifunza nini.

Tunaukumbuka wema wako. Hukumfukuza mgeni mlangoni, hata aliyenusa kambare wa kukaanga kutoka mtaa wa pili. Tunaukumbuka mguu wako wa kushoto, uliotoboa zulia la mkeo, Mama Mkubwa Ophelia, pale chini ya piano. Tundu bado lipo. Haruhusu lishonwe.

Na ragtime zako, nyimbo zile za piano za kuchezesha miguu. Mkono wa kushoto ulitembea kama mzee wa kanisa siku ya Jumapili. Wa kulia ukamfuata nyuma, ukichelewa makusudi na kumwigiza. Hukukubali kuharakishwa. Kwenye mashindano ya wapiga piano, kijana mmoja kutoka St. Louis alikutania, "Mzee, mbona unatambaa? Vidole vimekufa ganzi?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Kimbia wewe, mwanangu. Mbio ni za mwizi."

Wezi uliwajua. Walikuja na masikio matupu wakaondoka na nyimbo zako. Ndiyo maana ragtime yako ya mwisho, ya sehemu nne, uliandika tatu tu. Ulipotutoka ghafla, tulidhani ya nne umekwenda nayo. Mama Mkubwa alipekua kila droo, hata pipa la unga. "Amenipigia piano miaka thelathini," alisema, "halafu mwisho wake kauficha."

Miezi miwili iliyopita nilirudi likizo. Jumapili, wakati wa sadaka, dada yako, Shangazi Zerelda, ambaye muziki wako aliuita makelele ya baa, alipiga kinanda ule wimbo wake wa polepole unaomliza mchungaji. Mguu wangu ukaanza kugonga sakafu wenyewe, kwa mwendo wako. Mama Mkubwa akanifinya. Kisha mguu wake nao ukaanza.

Ibada ilipokwisha Mama Mkubwa alimfuata Shangazi kwenye kinanda. "Wifi, wimbo huo umeutoa wapi?"

"Kwa Alonzo. Alinifundisha mwaka juzi. Eti mama yetu alikuwa akiuimba akifua."

"Mama yenu aliimba?"

Shangazi alitazama vidole vyake. "Mama hakuimba hata siku moja," alisema. "Alonzo, shetani yule."

"Kaa basi. Upige tena, na mkono wa kushoto utembee."

"Humu ndani?"

"Mungu ameusikia mwaka mzima, Zerelda. Hajalalamika."

Basi tunakuarifu, kwa majonzi yanayostahili, kwamba umekamatwa. Sehemu zote nne sasa ziko kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mkeo na chini ya jina lako. Jumapili hii, baada ya ibada, Shangazi Zerelda atazipiga zote ukumbini, mbele ya watu. Ameagiza asiharakishwe na mtu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Ophelia, dada yako Zerelda, mdogo wako Lemuel, na mimi mwanawe, mwenye mguu uliokuumbua.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, wala miguuni.