Nanga ya Sabina

Jumatatu, 6 Oktoba
Chai, chapati mbili, ufukweni. Kama kawaida. Kizimba cha sato cha dada yangu Sabina kimepoteza nanga. Kinasogelea miamba. Wavu ukichanika samaki wote wanaishia ziwani, na humo ameweka kila alichoachiwa na marehemu shemeji. Jirani anasema itengenezwe nanga ya zege, kilo mia mbili. Nimesema niachieni. Mimi niliwahi kuzuia kivuko pale Kamanga kwa kamba, mkono mmoja, dhoruba inavuma, mkono wa pili nakula muwa.

Jumanne, 7 Oktoba
Kilo mia mbili, pipa la lita mia mbili. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, nani hajui? Nimejaza zege hadi ukingoni. Sabina: "Kaka, si limezidi?" Nimemwambia hesabu aniachie mimi niliyefika kidato cha pili.

Jumatano, 8 Oktoba
Upepo. Siwezi kukaa. Naligusa zege, narudi, naligusa tena.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wanaume wanane. Halikunyanyuka. Tukalibingirisha hadi kwenye mtumbwi, mtumbwi ukainama, maji yakaingia, tukalirudisha ufukweni. Mvuvi mmoja: "Anko, hii nanga au umeng'oa mwamba wa Bismarck pale ziwani?" Wakacheka. Nimewachukia wote. Sabina hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Kutoka kizimbani hadi miambani sasa unarusha jiwe linafika.

Jumamosi, 11 Oktoba
Imenijia nikipiga mswaki. Ubao wa kidato cha pili: uzito gawanya kwa densiti, unapata ujazo. Zege linayazidi maji uzito mara mbili nukta nne. Mia mbili gawanya kwa hiyo, lita themanini na kidogo. Hata nusu pipa haifiki! Langu ni kilo mia nne na themanini. Mjinga mimi.

Ila ujazo wake ni lita mia mbili. Likizama, maji yenyewe yanabeba kilo mia mbili. Zinabaki mia mbili na themanini. Mapipa matupu matatu yanatosha kulifanya lielee.

Jioni. Tumelifunga mapipa, tukalisukumia majini. Likaning'inia chini ya mapipa kama kiboko. Tukalivuta kwa mtumbwi, tukafunga kamba ya kizimba, tukakata za mapipa. Likazama.

Jumapili, 12 Oktoba
Upepo ule ule. Kizimba kimetulia.

Nimewaambia watu wa mtaani kwetu Mabatini nilipanga hivyo tangu mwanzo. Sabina alikuwepo, alisikia. Wakati wa kula aliniwekea kichwa cha sato, fungu la mkubwa wa nyumba.