Chunusi za Kidevuni na Pazia la Studio

Babu Kinyozi, shikamoo, najua wewe ni mtani, ila nakuomba usinicheke mpaka umalize kusoma, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, kazi yangu ni kusafisha picha studio, mteja akishapigwa picha mimi ndiye namkalisha kwenye kompyuta namwondolea makunyanzi, jasho na vipele, akija kuichukua anasifia kamera, na mimi mwenyewe tangu mwaka juzi nina chunusi za kidevuni na kwenye taya, si kama zile za ujanani, hizi ni ngumu, zimekaa ndani, zinauma hata nikilalia mto, zinakuja wiki moja kabla ya siku zangu na kuacha madoa, na madoa hayajaisha zinakuja nyingine. Nimesugua ndimu, nimepaka dawa ya meno, nimepaka krimu ya kopo lisilo na jina niliyouziwa saluni, mwezi wa kwanza uso ukang'aa nikajua nimepona, nilipoiacha ukawaka upya kuliko mwanzo. Mama ananiambia nikiolewa zitaisha, dada yangu ananiambia ninawe uso, kana kwamba sinawi.

Sasa Babu, kuna fundi anayetuletea fremu kila Ijumaa, tulikuwa tunakaa kwenye benchi tunakunywa chai, ananitania namtania, siku moja akasema nipe picha yako nikutengenezee fremu ya zawadi, nikajipiga picha, nikaisafisha saa mbili nzima, nikampa, akaitazama sana akaniuliza, "Huyu ni mdogo wako?" na hakuwa anatania, nami nikasema ndiyo. Wiki iliyofuata akaileta kwenye fremu nzuri ya mbao, akasema mpelekee mdogo wako. Tangu siku hiyo nimemwomba bosi nikae chumba cha nyuma chenye pazia, fremu zikija nanyoosha mkono tu nazipokea, huu ni mwezi wa nne, chai nakunywa na kompyuta, jioni nyumbani hakuna wa kunitazama na nilidhani ndivyo ninavyotaka, ila juzi nimegundua wiki nzima sijamwambia mtu neno lililozidi "ngoja kidogo". Ijumaa iliyopita fundi akasimama nje ya pazia akasema, "Dada wa ndani, mwisho wa mwezi karakana naihamishia mji mwingine. Kama nilikukosea, niambie." Nikanyoosha mkono nikapokea fremu, akaondoka. Nisubiri uso upone kwanza, au nifanyeje?

Wa Nyuma ya Pazia

*

Marahaba, binti yangu. Nimecheka, nisamehe, lakini nimecheka mahali pamoja tu, hapo ulipojizalia mdogo wako. Akipata mchumba utualike.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, ila nyuso za watu nimezishika kwa mikono hii miaka arobaini. Nilipofika hapo kwenye siku zako nikaona hapa nitamdanganya mtoto wa watu, nikampigia mke wa mwanangu, ambaye ni muuguzi kliniki ya ngozi. Alinifokea kwanza kwa kumpigia kazini, kisha akasema hivi. Chunusi za mtu mzima zinazokaa kidevuni na kwenye taya na kufuata mwezi, mara nyingi ni homoni zinazochochea tezi za mafuta kwenye ngozi. Si uchafu, basi dada yako mwambie anawe yeye. Na ndoa si dawa. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka thelathini na tisa na vipele vyangu vya shingoni havikuwahi kukiheshimu cheti.

Ndimu irudishe jikoni. Lile kopo usilitupe, nenda nalo kwa daktari alione, maana krimu za namna hiyo huwa na dawa kali zilizofichwa, ukiziacha uso unageuka kidonda. Nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, bila kusugua, huo ni uso si sufuria. Usitumbue. Daktari akikuuliza siku zako zinakwendaje, sema kweli, na kama zinaruka au ndevu zimeanza kukuota, sema pia, akupime. Usione haya, nimenyoa videvu vya akina mama wengi kuliko unavyodhani na sijamtaja hata mmoja. Dawa za kupaka zipo, za kumeza zipo, ila za kumeza akupe daktari, si jirani, na kama una mimba au unaitafuta mwambie kabla hajaandika. Halafu uwe na subira, huchukua kama miezi mitatu uone tofauti.

Sasa piga hesabu wewe mwenyewe. Dawa inataka miezi mitatu, fundi amebakiza Ijumaa mbili. Ukisubiri ngozi utatoka humo laini kama yai ukute benchi tupu.

Marehemu mke wangu alikuwa na madoa kama yako, hapa kwenye taya, yanakuja yanakwenda. Picha yake kubwa ninayo moja tu, na mtu wa kazi kama yako aliyafuta yote, kwa wema wake. Asubuhi nikinywa chai nainua macho ukutani, kuna mwanamke safi kabisa, simjui. Mwaka wa sita huu natafuta doa moja. Silioni.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho nenda kliniki uombe miadi. Alhamisi jioni shusha hilo pazia, liloweke kwenye beseni, Ijumaa asubuhi usiwe na pa kujificha. Fundi akija mwambie, yule si mdogo wangu, ni mimi, nilijifuta. Atacheka, mwache acheke, mnywe chai. Huenda akahama vilevile, siwezi kukuahidi mwanamume wa watu. Lakini ile picha uliyojipiga kabla hujaigusa bado iko kwenye kompyuta, nyinyi hamtupi kitu. Ichapishe kama ilivyo. Fremu unayo tayari nyumbani. Mtoe huyo mdogo wako, uingie wewe.