Sindano Niliyoitoa Makaburini

Mpendwa Bibi Hana,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo wewe ulijua "asante" na "polepole" tu, na hilo la pili ulilitumia kunigombeza nilipobana gauni kiunoni. Kwa Kiingereza ningejikaza. Leo sitaki kujikaza.

Miaka kumi na moja nilipanda kilima kuja kwako, mtaa wa Observatory, kila Alhamisi. Hukuwa mteja rahisi. Ulipitisha kidole kwenye mshono wangu ukasema, "Baba yangu angeifumua hii." Nilinuna, kisha nikafumua. Mimi, fundi wa Bukavu, nasumbuliwa na mtu asiyejua hata kutunga uzi!

Siku uliyonisimulia habari za baba yako nilikuwa nakupimia pindo, kwa hiyo niliyasikia yote nikiwa nimepiga magoti. Naye alikuwa fundi, huko Ujerumani. Kwanza serikali ya Wanazi iliwaandikisha Wayahudi, jina na anwani. Kisha ikamnyang'anya duka. Kisha ikaamuru kila Myahudi ashone nyota ya njano kwenye nguo yake, na baba yako akawashonea majirani pia, mishono midogo iliyonyooka, kwa sababu hakujua kushona vibaya. Mwisho ikaja treni. Wewe ulifichwa kwa mke wa muuza maziwa. Baba, mama na kaka yako walipelekwa kambini wakauawa kwa gesi. Waliitwa kwa majina yale yale yaliyoandikishwa.

Nikakuuliza, kwa nini? Natoka Kongo ya mashariki, nimeona watu wakiuawa. Lakini serikali nzima ikae ofisini ipange? Ulisema chuki ile ilikuwa ya zamani, hata makanisani ilihubiriwa. Nchi iliposhindwa vita na kazi zikapotea, wakaja watu waliosema mwenye kosa ni Myahudi, nao wakapewa utawala. Uongo ukafundishwa shuleni, ukarudiwa redioni, mpaka ukawa sheria. "Wauaji walihitaji makarani," ulisema. "Na makarani walikuwa na mwandiko mzuri."

Kwenye mazishi yako nilijiaibisha. Nilimwona mwanao koti limechanika kifuani, nikadhani limenaswa na mlango wa gari. Nikatoa sindano na uzi mweusi pale pale, nikamshika ukosi. Watu wakakodoa macho. "Hapana, Mama Furaha," akasema. "Sisi tunalichana makusudi. Ukifiwa na mzazi, hulishoni likawa kama zamani." Akacheka huku analia, akasema ungefurahi sana. Nilirudi nyumbani na sindano yangu, na tangu siku hiyo Alhamisi sijui niifanyie nini.

Sasa sikia. Jumatatu mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu, hapa Troyeville, aliniletea sare ya binti yake niipunguze. Akaweka karatasi juu ya cherehani.

"Eish, Mama Furaha, wewe unaandika vizuri. Tuandikie wageni wote wenye maduka, jina na namba ya nyumba. Wewe hatukugusi. Sharp? Sawa?"

Wa kwanza angekuwa Mzee Shabani wa Tanga, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, karibu na robot, zile taa za barabarani, anayekaa na watoto wangu nikichelewa kwa wateja.

Nakwambia ukweli, Bibi: nilichukua kalamu. Nina watoto watatu, na cherehani hii ndiyo inayowalisha. Niliandika tarakimu 1 pembeni, ya jina la kwanza, nikaizungushia duara. Ilipendeza. Hapo nikakusikia wazi kabisa: "Baba yangu angeifumua hii."

Leo asubuhi mwenyekiti amekuja kuchukua sare. Nimempa pamoja na karatasi yake. Ina jina moja, langu, na namba ya nyumba yangu. Ameitazama, ameikunja, ameondoka. Sijui atarudi na nani. Naogopa, hata uzi hauingii sindanoni. Lakini kutoka hapa nilipokaa namwona Mzee Shabani anapanga mikate yake dirishani, na hajui lolote.

Pumzika, Bibi yangu.

Fundi wako wa Alhamisi,
Furaha