Kaye Yenye Ulimuachia Solange

Papa Ildephonse,

Miaka munane nilikuwa ninamiita "ninyi", kwa heshima, juu mulikuwa mukubwa yangu na mwalimu yangu. Leo nitasema "we". Utanisamehe. Muntu mwenye iko na hasira hawezi kuanza na heshima, na miye niko na hasira tangu kilio yako, tangu tulikuzika, ni miezi tano sasa.

Ninakuandikia pa meza yako, mu sekretaria yetu ya kupiga maandishi ku Kasapa, pale dirisha inaangaria njia ya ba étudiant, banafunzi ba université. Courant imekatika, mashini, zile kompyuta, zote zimezimika, Solange ameenda kutafuta mafuta ya groupe, ile jenereta. Njo nimepata nafasi ya kukuambia yenye iko mu roho.

Kaye, Papa. Nitaanza na ile daftari, kaye.

Siku ya mwisho ya kilio, kule Hewa Bora, Mama Régine, bibi yako, alitoka mu nyumba na ile kaye yako ya bleu mu mikono. Nilisimama. Kweli, nilisimama! Nilikuwa nimeisha kunyoosha mukono. Mama akanipita. Akaenda kumupatia Solange, mwenye alifika mu sekretaria miaka tano nyuma yangu, mwenye mupaka leo anapotezaka marge, ile nafasi ya pembeni ya page. Nikabakia na mukono yangu mu hewa, sawa muntu mwenye anasimamisha taxi na taxi haimuone. Nikamuuliza Mama Régine juu ya nini. Akanijibu pole pole, bila ubaya: "Papa yenu alisema apewe Solange, juu Solange anaulizaka. Mado anajua kazi, lakini haulizake kitu."

Nililia sana siku ile. Bantu bakasema, angaria namna alimupenda Papa yake. Mama we! Nilikuwa ninalia wivu.

Juu ile kaye njo ilikuwa kazi yetu yote. Mu kaye mulikuwa na namna ya kuandika ba note ya chini ya page, faculté kwa faculté: droit, bale ba sheria, banataka jina ya mwandishi mu lettre kubwa, herufi kubwa, médecine banataka paka numéro, numéro tu, lettres, bale ba lugha, banataka kichwa ya kitabu iandikwe ya kulala kidogo. Mulikuwa na namna ya kitabu yenye haina mwaka, gazeti yenye haina mwandishi, yote. Na mbele ya kupiga hata lettre moja ya mémoire ya muntu, ile kazi ya kumaliza masomo, ulikuwa unaweka kidole pa note na kumuuliza: "Hii umeitoa wapi?" Étudiant anasema, mu kitabu ya fulani. "Kitabu uliiona na macho yako?" Hapo anaanza kuangaria chini. Kama aliikopia mu mémoire ya mwenzake, ulikuwa unamulazimisha aandike "cité par", ni kusema "imetajwa na", na jina ya ule mwenzake. Sekretaria zingine zote za njia hii zinaachaka. We, hapana. Unakumbuka ule binti ya droit mwenye alikuja na bitabu ya Latin mingi, na hakufungua hata moja? Alilia hapa pa banc. Ukamuandikisha "cité par" zote. Kisha soutenance, siku ya kutetea mémoire yake, alirudia na kuku.

Hata ku nyumba ulikuwa vile. Mama Régine anaweka sombe pa meza, unakula kidogo, unauliza: "Utamu hii umeitoa wapi?" Anasema, ni dada yako ya Lukafu alinionyesha. "Basi tumushukuru na yeye." Tulikuwa tunacheka mupaka machozi.

Lakini miye, Papa, ulinipatia nini? Page de garde, ile ya jina mbele. Marge. Table ya matières, ile orodha ya bichwa. Numéro ya page. Solange, hata mwaka haikuisha, ukamuweka ku ba note. Mulikuwa munaikala kichwa karibu na kichwa. Akikuuliza ujinga yake, "Papa, na kama kitabu moja iko na baandishi bane?", unavua lunettes ku macho, unamueleza mupaka chai inapoa. Ukamuita "profesere". Miye ulikuwa unaniita paka Mado. Na kule nyuma ya mashini yangu nilikuwa ninasikia yote, ninajifanya sisikie. Kuuliza? Miye? Mukubwa aulize mbele ya mudogo? Afazali nife na ujinga yangu.

Unataka kujua mambo yenye ilibadilika? Kiti yako hakuna mwenye anaikala pale, tumeweka karatasi juu yake. Sasa ba étudiant banakuja na mémoire yenye telefone iliandika, na bitabu ya uzuri sana yenye haiko hata fasi moja mu dunia. Solange anaweka kidole pa note, anauliza: "Hii umeitoa wapi?" Na sauti yako! Anainamisha na kichwa kama we! Ninasikia damu inapanda. Bantu banaingia banauliza, "Mama ya ba note iko?" Njo jina yake sasa. Siku moja kijana akanipatia clé yake, ile flash yenye iko na mémoire, akaniambia, "Utamupatia Mama, eh?" Sawa miye niko planton, mutumishi wa kubeba bitu.

Sasa nitakuambia ubaya yenye nilifanya.

Mwezi yenye iliisha Solange alienda Kipushi, mama yake alikuwa mugonjwa. Kaye aliiacha mu tiroir ya meza, hakufunga. Siku ile ile chef de travaux Honoré, ule mufundishaji wa université mwenye unajua, akaleta thèse yake ya udaktari, ile ya bamama benye banauzishaka pa mupaka ya Zambia. Alikuwa anapashwa kuideposer, kuipeleka ku université, siku ya tano ya juma ile, na kama ba note haiko sawa, bangemurudishia na angengoja mwaka mungine. Mu ile thèse mulikuwa masemi ya bamama mingi, benye balimuambia na mudomo, bila kitabu. Muntu mwenye hana kitabu, unamuandika namna gani mu note? Sikujua. Nilijua paka kitu moja: nikiimaliza peke yangu, Kasapa yote itasema Mado.

Nikafungua tiroir. Nikaweka kaye mu saki yangu, chini ya kitenge, nikaenda nayo ku nyumba sawa mwizi.

Page ya masemi ilikuwamo. Jina ya mama, kazi yake, fasi yenye alisemea, siku. Kama hapendi jina yake ijulikane, unaweka lettre moja, na unaeleza juu ya nini. Nikafanya yote, note kwa note, na nilifanya muzuri. Chef de travaux akafungua, akaangaria, akafurahi. Kisha akaniuliza: "Mado, hii umeitoa wapi?"

Papa. Ile swali yako, mu mudomo ya muntu mungine! Nikamujibu: "Ku kichwa yangu."

Siku ya mungu, kisha misa, nikaikala na kaye pa magoti, nikaisoma yote. Mbele nilikuwa nimefungua paka page yenye nilihitaji. Njo nikaona maandishi yako ya bic nyekundu, pembeni ya kila règle, kila sharti. Ulikuwa umeandika kwenye uliitoa. Ya gazeti: étudiant Kasongo wa histoire. Ya maarchive: padri wa ku bibliothèque. Na ile ya masemi yenye nilimuambia chef de travaux ilitoka ku kichwa yangu: "Solange. Alienda kuuliza mwenyewe, siku tatu." Solange hapa, Solange kule. Nikafunua page na kidole, ninatafuta Mado, sawa mutoto mwenye anatafuta jina yake pa palmarès, ile liste ya benye balipita masomo. Hakuna. Hakuna. Nikasema basi, miaka munane, hata bic nyekundu kidogo!

Page ya kwanza ilikuwa inashikamanaka na couverture ya kaye, chai yako ilimwangikaka pale. Nikaiachanisha pole pole. Ulikuwa umeandika: "Yote ya mashini: Mado. Mbele yake nilijua paka machine à écrire ya zamani. Nilikuwa na haya ya kuuliza mutoto. Akaniona, akanionyesha bila kungoja niulize."

Ee Papa. Na we ulikuwa na haya! Juu ya nini hukuniambia na mudomo? Nililia, na tena nilikasirika, yote pamoja, mupaka bukari ikaungua ku moto.

Solange akarudia. Nikamupatia kaye yake, nikamuambia yote. Hakunitukana. Aliniuliza paka: "Uliona page ya kwanza?" Alikuwa anajua! Miezi tano alikuwa anajua, na alikuwa anangoja nimuulize! Kisha nikaenda kuona chef de travaux Honoré, nikamuambia, ile namna ya masemi haikutoka ku kichwa yangu, ni ya Solange. Mudomo ilikuwa muzito, lakini nilisema.

Yeye akafurahi, akaniletea page ya mwisho ya kupiga: avant-propos, kwenye anashukuru bantu. Anashukuru Mungu, maprofesere, bibi yake. Na pale chini: "Tunamushukuru Madame Solange, kwa ujuzi yake mukubwa, na équipe yake."

Équipe yake, Papa, bale benye banamusaidia. Njo miye.

Nilikuwa peke yangu mbele ya mashini. Kuongeza "na Madame Mado" ni kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuna muntu angejua. Kidole ilikuwa pale, juu ya touche ya mashini. Nikasikia swali yako. Nikaacha jina yake peke yake, nikanyoosha marge, nikaweka numéro ya page, nikafunga. Iko page ya uzuri sana. Jina ya Solange haijakuwa muzuri vile, na ni mikono yangu iliipanga.

Ninasikia groupe nje, amerudia na mafuta. Akiingia nitamuuliza ile ya baandishi bane, yenye miaka hii yote ninajifanya ninaijua. Hii njo ninakuahidi: kuanzia leo nitauliza, hata kama haya inaniua.

Lakini wivu haijaisha, sitakudanganya. Ungekuwa hapa ungeweka kidole pa barua hii na kuniuliza, Mado, wivu hii yote umeitoa wapi? Hii, Papa, sikuikopia ku muntu. Ni ya kwangu mwenyewe.

Mulale salama, Papa. Ninyi mulikuwa mwalimu yangu.

Mado