Mlango wa Stoo

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Hujambo? Na wodi yako haijambo? Mimi mzima, ila magoti tu, nayo tumeshazoeana kama mke na mume.

Tangu nistaafu upigaji chapa siku zimekuwa ndefu, basi kila Jumanne naenda maktaba ya umma, ile nyuma ya posta. Mkutubi namwita Bwana Miwani, maana ana moja usoni na nyingine shingoni. Kanichoka. "Mama, miaka mitatu ni vitabu vya mapenzi tu. Hao si walishaoana wote?" Nikacheka mpaka nikanyamazishwa. Akanipeleka rafu ya mwisho, ya hadithi za kutisha, ambayo sijawahi hata kuisogelea. "Jaribu. Kikikushinda, rudisha."

Cha kwanza kilikuwa na maiti anayepiga chafya. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Cha pili ni chembamba, mwandishi kajiandika kwa herufi mbili tu. Nimekianza leo. Kina mtoto na nyumba yenye ngazi. Nitakusimulia.

Mama yako


19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sijambo, wodi imejaa kama kawaida. Pole na magoti. Usikalie kiti kigumu muda mrefu.

Hicho kitabu chembamba kirudishe, Mama. Hadithi za namna hiyo si za mtu anayeishi peke yake. Mwambie Bwana Miwani akupe za upelelezi, utazipenda, kila kitu kinaelezwa mwishoni. Nakuomba. Usikimalize.

Mwanao


8 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui.

Ulichelewa, nilishafika katikati. Sasa nisikilize, na usiseme ni uzee. Nyumba ya kitabuni ni hii yetu. Kipandio cha nne cha ngazi kinalia ukikikanyaga. Kioo cha dirisha la jikoni kina ufa uliojipinda kama mshipa wa mkono. Chini ya ngazi kuna stoo, na komeo lake liko nje tu. Baba wa mtoto ni mwalimu, mtu asiyepandisha sauti. Mtoto akikosea, baba anamfungia stoo baada ya chakula cha mchana, na mama yuko chumba cha pili anapiga taipureta, kazi za ofisi alizokuja nazo nyumbani. Mtoto anakwaruza mlango kwa kucha. Halafu anagundua humo gizani kuna mwenziwe. Anapumua. Anajifunza jina la mtoto. Siku ya mwisho mlango unafunguliwa, mtoto anatoka, anakula, anaenda shule. Lakini aliyetoka siye aliyeingia.

Hapo nikafunga kitabu. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa sebuleni, na nikasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Nikasema panya. Panya gani anakwaruza mara tatu halafu anangoja?

Nilimuuliza Bwana Miwani kitabu kimetoka wapi. Akasema kililetwa kwa posta, hakina barua, na stempu zilikuwa za nchi unayokaa wewe.

Nani anaijua nyumba yetu hivi?

Mama yako


2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Naomba iwe ni posta tu, isiwe ugonjwa.

Jana nilitoa masanduku yote stoo, nikaingia na tochi, nikainama na magoti yangu haya. Mlango kwa upande wa ndani, chini, kimo cha mtoto wa miaka minane, rangi imechunika. Mistari mitatu mitatu, imezama mpaka kwenye mbao. Nikapitisha kidole. Unga wa mbao ulikuwa bado mbichi sakafuni.

Kwaru ile naisikia kila siku saa nane. Siku hizi sikimbilii uani. Nakaa nasikiliza.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Barua zako zote zilifika.

Kitabu ni changu. Nilikuwa na miaka minane, na Baba, Mungu amrehemu, alinifungia mara tisa, kwa sababu nilizidi kuongea. Alisema nikikwambia utaugua. Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kulisema jambo hilo kama lilivyokuwa, likagoma. Nikaliandika kama hadithi ya zimwi. Zimwi hubeba mzigo wowote, haulizi. Nikakituma maktaba yako, kwenye rafu niliyojua hutaigusa. Nilitaka kiwe karibu nawe, na kisisomwe.

Lakini Mama, barua yako ya mlango nimeirudia mara nne. Mimi sikukwaruza. Hata siku moja. Nikitoa sauti aliniongezea saa. Nilikaa juu ya gunia, mikono chini ya mapaja, nikisikiliza taipureta yako. Kule kukwaruza nilikutunga.

Kwa hiyo sijui umeona nini mlangoni.

Na kuna swali sikuliweka kitabuni. Taipureta yako ilikuwa ikinyamaza. Ghafla, katikati ya mstari. Halafu inaendelea. Kwa nini ilikuwa inanyamaza?

Mwanao


6 Mei

Mwanangu Chiriku,

Leo siulizi hali, maana hali yako nimeisababisha mwenyewe.

Ilinyamaza kwa sababu nilisikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Nikainua vidole, nikasikiliza, nikajiambia ni panya, nikaendelea kupiga kwa nguvu zaidi. Si mara moja. Nilijua stoo haina panya. Nilijua hukuwa uani. Baba yako hakuwahi kuninyanyulia hata kidole, lakini niliogopa uso wake ukibadilika, nikakuacha wewe uutazame badala yangu. Ulipopungua maneno majirani walisema, "Mtoto katulia, mmemlea." Nami nikapokea sifa.

Kama si wewe uliyekwaruza, basi kuna aliyeniita kwa ajili yako, na yeye pia nikamnyima sikio.

Siku tatu zilizopita nilimwita seremala, akang'oa mlango na bawaba zake. Alipomaliza aliniuliza, "Mama, huyu mtoto mnamwachaje humu?" Nikamuuliza, "Mtoto gani?" Akachungulia tena, akakusanya vyombo vyake, akaondoka bila kuaga.

Nimeweka kiti mbele ya uwazi ule. Saa nane ikifika hakuna kwaru tena. Kuna pumzi tu. Namwambia, toka mwanangu, hakuna mlango. Namwita kwa jina lako. Hatoki.

Msamaha siuombi kwa barua.

Mama yako, kama bado unaniita hivyo


19 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama koridoni, wagonjwa wananitazama. Sijui kama nimekusamehe. Najua umeandika "nilisikia", na neno hilo nimelingoja miaka thelathini na moja.

Nimepewa likizo. Nafika tarehe tatu, mchana. Usinipikie, wala usiwaambie majirani. Kiti kiache palepale, uongeze kingine.

Na usimwite tena kwa jina langu mpaka nifike. Nataka nimwite mwenyewe.

Chiriku wako