Mama Alimjua Muuaji

Jumatano. Joto la kunata tangu asubuhi, hata feni inanipulizia joto. Na moyo umechafuka.

Nimesalitiwa na mama yangu mzazi.

Tangu nilipoachana na mume wangu nikarudi kwa Mama na sanduku, naye asiniulize neno, tulikuwa tukizungumza kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Hujambo, sijambo, umekula? Kisha macho yake yakaingia ukungu, akashindwa kusoma, naye ni mtu wa kuunguza wali kwa ajili ya ukurasa mmoja. Nikajitolea kumsomea. Nikitoka kazini Kilindini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, napita Marikiti kumchukulia embe, naingia Mji wa Kale, napanda ngazi zake, navua viatu, nafungua kitabu.

Hadithi za upelelezi ndizo zetu. Vitabu vya karatasi vilivyopita mikono mingi, vingine havina hata jalada. Kila sura ikiisha tunabishana muuaji ni nani. Kwa saa ile moja tulikuwa na la kuzungumza, nami nikajiona nimempata mama yangu upya.

Idi iliyopita kaka yangu Swaleh alimletea kutoka Doha kifaa cha kusomea vitabu, kile ambacho herufi unazikuza upendavyo. Mama akakiita kibao, akakifunga kwenye leso, akakitia kabatini. Akasema yeye na mitambo wapi na wapi. Nikamwamini. Tena nilifurahi, sitaki kudanganya.

Leo nilikuwa kwenye sura ambayo mjane mwenye duka anasikia hodi mlangoni. Hata komeo hajaligusa, Mama akashusha pumzi akasema, "Maskini, na mwenyewe ndiye aliyemlea."

Nikaurudia ukurasa kwa macho. Katika ukurasa ule hakuna aliyemlea mtu.

Mama akautupia jicho mto wake wa kitandani. Nikauinua. Kibao kilikuwa hapo, leso imefunguliwa, na ndani yake kitabu chetu hichohicho, sura ya mwisho, herufi kubwa kama za bango la duka. Kumbe humtajia Swaleh jina la kitabu kwenye simu, naye humnunulia hukohuko aliko. Vyote tulivyosoma tangu Idi, alikwisha kuvimaliza peke yake. Na wiki nzima hii ameshikilia kwamba muuaji ni mpishi!

"Nalihofu, mwanangu," akasema. "Ningalikwambia nasoma mwenyewe, ungalikuja kufanyani?"

Nilivaa viatu nikashuka. Nimekuja na kitabu kwapani hadi kwangu Makadara, chumba nilichopanga baadaye, nimekibana kama mtu anayeogopa kuporwa.

Kinachoniuma si kibao. Hapana, nacho kinaniuma. Nilishazoea kugeuza ukurasa taratibu ili nimwone akisubiri, nikadhani ananisubiri mimi nimpe kinachofuata. Alikuwa nacho. Kule kushika kwake kifua, kule kusema "lo!", vyote vilikuwa vya kunifurahisha, kama mtu mzima anayejificha nyuma ya pazia ili mtoto amwone.

Na lile swali lake. Yaani alidhani namwendea kwa ajili ya kitabu tu?

Nimekaa nalo jioni nzima.

Baada ya Magharibi amenipigia simu. Hakuomba radhi, si kawaida yake. Amesema tu, "Kesho uje. Kitabu kiwate kwako. Uje wewe." Akakata.

Nimekimaliza kitabu mwenyewe, kwa hasira, nikiruka kurasa. Muuaji ni yule kijana aliyelelewa na mjane. Sikusikia raha yoyote kujua, kwa sababu hapakuwa na wa kubishana naye.

Sasa kimelala mezani. Kesho nitapanda ngazi zile mikono mitupu, na tangu aliponikatia simu natafuta la kumwambia Mama ambalo si la kwenye hadithi. Limenijia moja tu, nalo si jipya.

Siku ile niliporudi na sanduku langu, Mama, kwa nini ulinyamaza?