Vikombe Vitatu vya Sandali

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumanne

Mpendwa Shangazi Mauza,

Shikamoo. Natumaini wewe, Rasha na kichanga chake mmeamka salama huko Tanga. Sisi hatujambo, ila duka limepooza bila kelele zako. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na leo lazima nifike.

Ni habari ya ule mzani wa udi niliouandikia programu kwa lugha ya C: taa ya kijani uzito ukiwa sawa, nyekundu usipokuwa sawa. Unakumbuka Zena akipima unga wa sandali iliwaka nyekundu kila mara, na wewe ukipima iliwaka kijani. Ukasema anachota kwa siri. Ukamwambia asirudi, baada ya miaka kumi na moja ya kazi dukani.

Mimi nikabaki najiuliza, mbona mzani umchague mtu? Kumbe wewe humimina kilo 0.3 kwa mkupuo mmoja. Zena hutia vikombe vitatu vya 0.1, kila kimoja na bismillahi yake, vile ulivyomfundisha mwenyewe, na programu huvijumlisha. Nikaiambia inionyeshe jumla yote bila kufupisha. Shangazi, nilicheka peke yangu! Ilikuwa 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na sehemu ya kumi haiishi humo, kama theluthi isivyoisha tukiiandika kwa nukta. Nami nilikuwa nimeiuliza kama namba mbili ni sawa kabisa. Hazikuwa sawa, na ya Zena ndiyo iliyozidi.

Dawa yake ni mstari mmoja. Kwenye hisabati za C kuna fabs, inayoondoa alama ya kutoa. Unatafuta tofauti ya namba mbili, unaipitisha kwenye fabs, na ikiwa chini ya nusu gramu unasema zimelingana. Basi.

Sasa lililonikaa kooni. Haya sikuyagundua jana. Niliyajua tangu Ijumaa ile ile uliyomfukuza, kabla hata hajafika kwake Buguruni. Nilinyamaza kwa sababu ulishamtangazia jirani yetu Mzee Ashok, na mtaa mzima, kwamba mtoto wa kaka yako ni fundi wa kompyuta. Niliona aibu. Nisamehe.

Jana nilimfuata Zena nyumbani, nikamweleza yote, akakubali kuja. Akatia vikombe vitatu, taa ikawaka kijani. Akaitazama kidogo, akajifunga kanga yake, akaondoka. Alisema si taa iliyomwita mwizi.

Namba yake ya simu ni ile ile. Nisalimie Rasha, umbusu mtoto.

Mwanao mwenye kosa,
Nawal